Hesabu ya Mita 30 kwenye Barabara ya Lunga Lunga

 Leo natanguliza swali, nawe ulishike mpaka tulifikie jibu lake.

Magari mawili yanapita Ukunda sambamba. Moja linakwenda kilomita 50 kwa saa, la pili 60. Mtoto anachomoka baina ya vibanda, anaufuata mpira wake barabarani. Madereva wote wawili wanamwona kwa wakati mmoja. Wote wako macho, breki zao ni nzima, na wote wanakanyaga kwa nguvu ileile. Gari la kwanza linasimama bampa ikiwa karibu kumgusa mtoto. La pili halikuwahi kusimama. Je, lilipofika pale aliposimama mtoto, lilikuwa bado likienda kwa kasi gani?

Jibu linalokuja haraka mdomoni ni kumi. Sitini ukitoa hamsini, imebaki kumi, na gari la kilomita 10 kwa saa ni la kusukumana tu, mtoto ataanguka, atalia, atainuka. Jibu hilo si sahihi, na liko mbali na usahihi kiasi cha kuua. Nataka tulipate lile la kweli kwa kalamu na karatasi, kwa sababu hesabu yenyewe ni ile wanayofundishwa vijana wetu wa kidato cha tatu katika somo la fizikia, mada ya mwendo katika mstari mnyoofu. Wengi wanaipita wakidhani ni ya mtihani. Mimi naiona ni ya barabara yetu hii, kutoka Likoni hadi Lunga Lunga.

Tuanze na mstari. Chora mstari mmoja mrefu, mwanzo wake Likoni, andika sifuri. Ukielekea kusini, Ng'ombeni, Waa, Kombani, Tiwi, Ukunda, Gazi, Msambweni, unajumlisha. Ukirudi kaskazini unatoa. Barabara ina kona zake, najua, lakini kwa hesabu ya leo tuinyooshe kama kamba iliyovutwa. Kila kitu kilicho barabarani kina namba yake kwenye mstari huo, na namba ikibadilika, mabadiliko hayo kutoka ulipoanza hadi ulipoishia, pamoja na upande ulioelekea, ndiyo uhamisho.

Uhamisho na umbali ni vitu viwili, na sisi watu wa Pwani ya Kusini tunaijua tofauti yake kwa miguu. Mlango wa Likoni una upana wa kama nusu kilomita. Feri ya MV Kwale ikivuka kutoka kisiwani Mombasa hadi Likoni kisha ikarudi, imekata kama kilomita moja ya maji, lakini uhamisho wake ni sifuri, iko palepale ilipong'oa. Hata ikifanya kazi mchana kutwa, ikilala ilipoamkia, uhamisho wa siku nzima ni sifuri. Sasa mchukue mtu aliye Likoni na gari lake, foleni imemchosha, akaamua kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Atashuka Ng'ombeni, avuke daraja la Mteza lenye urefu unaozidi kilomita moja, avuke na la Mwache, atokee Miritini, kisha arudi kisiwani kupitia Changamwe na Makupa. Hayo ni makumi ya kilomita. Lakini ukiipima safari yake kwa mstari mmoja tu, kutoka alipoondoka hadi alipofika, amehama ile nusu kilomita ya kivuko. Tangi la petroli linalipa umbali. Aliyesubiri feri kapata uhamisho uleule kwa mafuta kidogo na subira nyingi.

Kutoka hapo tunapata kasi. Gawanya umbali kwa muda, umepata mwendo wa kawaida ule unaoonyeshwa na mshale kwenye dashibodi. Gawanya uhamisho kwa muda, umepata kasi yenye mwelekeo, ambayo vitabu huiita kasimwelekeo. Mshale wa dashibodi hauna habari na upande unaoelekea. Matatu mbili zinakutana baina ya Kombani na Tiwi, moja yaenda Ukunda, nyingine yarudi Likoni, mishale yote inasoma 80. Kwenye mstari wetu moja ni jumlisha 80, nyingine ni kutoa 80, na tofauti baina yao ni 160. Ili kuigeuza iwe mita kwa sekunde, gawanya kwa 3.6. Utapata 44. Kila sekunde moja, nafasi iliyo baina yao inapungua kwa mita 44.

Nashika hapo kidogo, kwa sababu ndipo panapozaliwa ajali za kupitana. Dereva yuko nyuma ya trela refu lenye shehena, linakwenda 50. Yeye anataka kulipita kwa 80. Anaona anakimbia sana, lakini ukilinganisha na trela anakimbia kwa 30 tu, yaani kama mita 8 kwa sekunde. Ili alipite salama, inampasa apate urefu wa trela, urefu wa gari lake, na nafasi kidogo nyuma na mbele, tuseme mita 50. Hizo zitamla sekunde sita. Katika sekunde sita, kwa 80, amekata mita 133 za barabara akiwa upande usio wake. Na yule anayetoka Msambweni kwa 80 naye amekata mita 133. Jumla ni mita 266. Ikiwa mbele yake haoni mita 266 zilizo wazi, ukiongeza na akiba ya usalama, hana ruhusa ya kutoka, hata honi ilie vipi, hata abiria wapige kelele kwamba wanachelewa. Tena hapo nimempa dereva zawadi, nimemhesabia kwamba ameanza akiwa tayari kwenye 80. Wengi huanza wakiwa wamejibana nyuma ya trela kwenye 50 hiyohiyo, ndipo wanakanyaga mafuta, na sekunde zinaongezeka.

Huko kukanyaga mafuta ndiko kunatufikisha kwenye jambo la tatu, mchapuko. Mchapuko ni kiasi ambacho kasi inabadilika kila sekunde. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, kwa sababu kasi unaiona kwa macho, mchapuko unausikia mwilini: mgongo unapobandikwa kwenye kiti matatu inapoondoka, na kifua kinapotupwa mbele inapofunga breki.

Kwale ni nchi ya minazi, basi tuupandie mnazi. Chukua mnazi wa mita 20, mrefu kama ile ya zamani huko Msambweni. Mkwezi anaikata nazi, inaanguka. Upinzani wa hewa kwa nazi nzito ni mdogo, tuuache. Sekunde ya kwanza nazi inashuka mita 4.9. Sekunde ya pili inashuka mita 14.7, mara tatu ya zile za kwanza. Sekunde mbili tu, nazi iko chini, au imebakisha shubiri mbili. Kila sekunde mvuto wa dunia umeiongezea mita 9.8 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 35 kwa saa. Kwa hiyo inapiga ardhi ikiwa na kasi ya kilomita 71 kwa saa, kwa njia ya mita 20 tu. Kumbuka namba hiyo ya 71.

Aliyeugundua mpangilio huo ni Galileo Galilei wa Italia, na hakuwa na saa ya kuhesabu sekunde. Kitu kinachoanguka wima kilimshinda kwa haraka yake, basi akakipunguza mwendo: akabingirisha mpira kwenye mfereji wa mbao ulioinamishwa, na muda akaupima kwa maji yanayochuruzika kutoka chomboni, akiyapima uzito mwishoni. Akaona kwamba katika vipindi vilivyo sawa, mpira unakata njia kwa hesabu ya 1, 3, 5, 7, na kuendelea. Aliyachapisha hayo mwaka 1638, akiwa mzee aliyekwisha kupofuka. Leo kijana wa kidato cha tatu anaurudia ugunduzi huo kwa kijigari na utepe wa karatasi unaopita chini ya kijimashine kinachogonga nukta 50 kila sekunde. Gari likienda kwa kasi isiyobadilika, nukta zinapangika kwa nafasi sawa kama shanga. Likichapuka, nafasi zinapanuka moja baada ya nyingine. Ukikata utepe vipande vya nukta kumi kumi ukavibandika kwa safu, unapata ngazi inayopanda, na ile ngazi ndiyo mchapuko, umeushika mkononi. Mwalimu anayenisikiliza, usiliruke jaribio hilo kwa kisingizio cha muda.

Jambo moja huwachanganya hata wakubwa. Kasi na mchapuko si lazima viende pamoja. Rusha nazi juu: pale kileleni, kabla haijaanza kurudi, kasi yake ni sifuri, lakini mchapuko uko vilevile, 9.8 kuelekea chini, usingekuwapo nazi ingeganda hewani. Kinyume chake utakiona Diani, kwa wale wanaoruka kutoka kwenye ndege na miavuli. Sekunde za kwanza wanachapuka, lakini hewa inawapinga zaidi na zaidi kadiri kasi inavyoongezeka, hata kasi inafika karibu kilomita 200 kwa saa na haiongezeki tena. Kasi ni kubwa mno, mchapuko ni sifuri. Mwavuli ukifunguka, mtu bado anashuka, ila mchapuko wake sasa unaelekea juu, ndiyo maana kasi inapungua. Dereva anayefunga breki yuko katika hali hiyohiyo: gari laenda mbele, mchapuko waelekea nyuma.

Sasa turudi Ukunda kwa mtoto wetu.

Kwenye lami kavu, na tairi zenye meno, breki nzuri zinaweza kupunguza kasi kwa mita 6 kwa sekunde, kila sekunde. Dereva naye ni binadamu, tangu aone hadi mguu ushike breki inapita kama sekunde moja, na katika sekunde hiyo gari halijui lolote, linaendelea. Gari la 50 linakwenda mita 14 kwa sekunde. Mita 14 za kwanza zimekwenda bure. Kisha breki zinashika, nalo linahitaji mita 16 kusimama. Jumla mita 30, na mtoto yuko pale kwenye mita ya 30.

Gari la 60 linakwenda karibu mita 17 kwa sekunde. Mita 17 zimekwenda dereva akiwa bado anashtuka. Zimebaki 13 za kufunga breki, nazo hazitoshi. Ukiifanya hesabu, na hesabu ni kasi mara kasi, utoe mara mbili ya mchapuko mara umbali, kisha utafute kipeuo cha pili, utakuta kwamba kwenye mita ya 30 gari hilo lina kasi ya kilomita 39 kwa saa.

Thelathini na tisa, wala si kumi. Dereva aliyezidisha kumi tu anamgonga mtoto kwa 39.

Na yule wa 80? Anatumia mita 22 kabla ya kugusa breki, anabakiwa na mita 8. Anafika kwa mtoto akiwa na kilomita 72 kwa saa. Breki amefunga, lakini mtoto amepigwa kwa kasi ya nazi iliyotoka juu ya mnazi wa mita 20, ila nazi hiyo ina uzito wa tani moja na zaidi.

Kwa nini inakuwa hivyo? Kwa sababu breki inakata kasi kwa mafungu sawa ya wakati, haikati kwa mafungu sawa ya njia. Gari linapokuwa na kasi, kila sekunde linameza mita nyingi, kwa hiyo mwanzoni mita nyingi zinakwisha kasi ikiwa imepungua kidogo. Kasi kubwa inaondoka kwenye mita za mwisho, zilezile ambazo mwenye haraka hakubakiwa nazo. Njia ya kufunga breki inakua kwa mraba wa kasi: ukizidisha kasi mara mbili, breki inataka njia mara nne. Na masika ikianguka, lami ikachanganyika maji na mafuta, mchapuko wa breki unaweza kushuka nusu, na zile mita 16 za gari la 50 zinakuwa 32.

Ukitaka kuipima kasi yoyote kwa mnazi, hesabu ni hii. Kugongwa kwa 30 ni sawa na kuanguka kutoka mita tatu na nusu. Kwa 50, mita 10. Kwa 80, mita 25, na mnazi wa namna hiyo hauonekani kila shamba. Kwa sababu hiyo nchi za dunia zilipokutana Stockholm Februari 2020 kuzungumzia usalama wa barabara, azimio lao lilitaka kilomita 30 kwa saa pale ambapo magari yanachanganyika na watu wa miguu. Sheria yetu inaruhusu 50 mijini. Mimi nasema waziwazi kwamba 50 mbele ya shule za Waa, au katikati ya soko la Ukunda, ni nyingi. Mtu mzima anaweza kunusurika akianguka kutoka mita tatu na nusu. Kutoka mita kumi, nani atakayekudhaminia?

Kuna na upande wa yule aliye ndani ya gari. John Paul Stapp, daktari wa jeshi la anga la Marekani, alijifunga mwenyewe kwenye kigari cha roketi kilichokimbia juu ya reli iliyonyooka huko New Mexico, tarehe 10 Desemba 1954. Alifika kilomita 1,017 kwa saa, kisha akasimamishwa kwa sekunde moja nukta nne. Kwa muda hakuona kitu, macho yaliumia, lakini alipona, akaishi hadi mwaka 1999, na miaka mingi ya maisha yake aliitumia kudai mikanda ndani ya magari. Kilichomuumiza Stapp ni mchapuko wa kusimama, kasi yenyewe haikumdhuru. Mikanda ilimshika ikaugawa kwa mwili mzima na kwa muda unaovumilika.

Hesabu yake hata sisi twaiweza. Gari la 50 likigonga ukuta, pua yake inabonyea kama nusu mita. Aliyefunga mkanda anasimama pamoja na gari, katika nusu mita hiyo, kwa mchapuko wa mara 20 ya mvuto wa dunia. Aliyeuacha mkanda ukining'inia anaendelea mbele kwa 50 hadi kwenye dashibodi, na huko anasimama katika sentimita tano. Mara 200. Kofia ya bodaboda inafanya kazi kwa njia hiyohiyo: sponji ngumu ya ndani inakipa kichwa sentimita chache za kusimamia. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani haimpi mtu sentimita hata moja, na abiria aliyepewa kofia iliyokwisha sponji amepewa bakuli.

Hapo ndipo ninapompa heshima yake marehemu John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, na kanuni zake zilizoanza kutumika Februari 2004. Alidai mambo mawili ndani ya matatu: kidhibiti mwendo kisichoruhusu kupita 80, na mkanda kwa kila abiria. La kwanza linashika kasi, la pili linashika mchapuko. Fizikia yote ya kidato cha tatu ilikuwa ndani ya kanuni hizo. Leo makanga akikwambia mkanda ni wa pale karibu na kizuizi cha polisi tu, mama, baba, mwanangu, ufunge na usiufungue.

Diani nako tatizo hili la magari wamelitatua kwa namna nyingine, kwa ajili ya wanyama. Mbega wa msitu wa pwani, wale weusi wenye mashungi meupe, walikuwa wakiuawa na magari kwenye barabara ya ufuoni kwa sababu miti imekatwa na lami imepita katikati. Shirika la Colobus Conservation, lililoanza mwaka 1997, limefunga ngazi juu ya barabara, mti hadi mti, na mbega wanapita juu, magari chini. Hizo ni akili njema. Mbega hawezi kuhesabu mita 30, basi akaondolewa kwenye mstari wa gari. Mtoto wa miaka sita naye hawezi kuzihesabu, wala watoto wetu hatuwezi kuwafungia ngazi mitini. Kilichobaki ni kulipunguza gari, na tuta hufanya hivyo bila kumbembeleza dereva.

Nawasikia wenye matatu wakisema kwamba muda ni pesa. Haya, tuuhesabu. Chukua kilomita 20 kutoka Ukunda kuelekea Msambweni. Kwa 80 isiyokatika utatumia dakika 15. Kwa 100, dakika 12. Umechuma dakika tatu, na hizo utazipata tu kama hutasimama popote kupakia, jambo ambalo matatu haijapata kulifanya. Njia yako ya kusimama nayo imetoka mita 63 hadi 92.

Nina kazi kwa vijana wa sekondari kuanzia Kombani hadi Lunga Lunga, na walimu wao wawe pamoja nao. Tafuteni mahali penye kivuli, nje kabisa ya barabara. Pimeni mita 50 kwa kamba kando ya lami, wekeni alama mbili. Mmoja ashike simu yenye saa ya kuhesabia, mwingine aandike. Gari likikata mita hizo 50 kwa sekunde 6, linakwenda 30. Kwa sekunde 3.6, linakwenda 50. Likipita kwa sekunde mbili na robo, ni 80. Fanyeni asubuhi wanafunzi wanapoingia shule, mfanye na jioni wanapotoka, muandike tarehe, saa, aina ya gari, ila namba za usajili msiziandike, kwa kuwa kazi yenu ni kupima barabara, kushtaki mtu si kazi yenu. Barabara hii iko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, na ombi la tuta lililobeba kurasa za vipimo ni gumu kulirudisha kuliko ombi la malalamiko. Nileteeni nakala hapa kituoni, nitayasoma matokeo ya kila shule hewani, kwa jina la shule.